Dhamana ya gari la kifahari huishia mpakani

UKISIMAMA mpakani Mugina, pale ambapo barabara inayotoka Manyovu, mkoani Kigoma, inaingia Burundi, utaona mengi yakivuka: mahindi, saruji, vitenge, mabati. Mara mojamoja katikati ya malori hupita jipu linalong'aa, bado lina namba za IT za Tanzania na viti vimefunikwa nailoni. Watu hugeuka kulitazama. Mimi pia hugeuka, lakini siku hizi sitazami rangi wala rimu. Najiuliza swali moja tu: huyu mwenye gari, ile karatasi ya garanti aliyopewa Dar es Salaam, ameisoma?

Nauliza hivyo kwa sababu sisi hatukuisoma. Au niseme ukweli wote: mimi niliisoma vibaya, na shemeji yangu akaniamini.

Wasomaji wa ukurasa huu wengi ni watu wa kuvuka mipaka, ama kwa biashara ama kwa historia. Wapo wanaonunua magari ya kifahari yaliyotumika ili kuyauza, wapo wanaoyanunua ili kuyakodisha, na wapo wanaotaka tu kurudi nyumbani wakiwa na heshima. Wote huambiwa neno lile lile na muuzaji: "Lina waranti." Nataka tulichambue neno hilo, maana limekwishagharimu watu viwanja, mitaji na ada za watoto.

Ilivyotokea kwetu

Mwaka 2022 shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mfanyabiashara wa mawese na dagaa, aliamua kupanua kazi. Kiangazi kikifika huku kwetu kila Jumamosi kuna harusi, na bwana harusi mwenye uwezo kidogo hataki kubebwa kwenye Probox. Shemeji akapiga hesabu ya jipu moja la kifahari la kukodisha. Aliuza kiwanja. Alipopungukiwa dola 1,500, nilimkopesha mimi. Fedha hizo nilikuwa nimezidunduliza miaka minne ili binti yangu mkubwa akasomee uuguzi.

Tulisafiri pamoja hadi Dar es Salaam. Hakunichukua kwa ajili ya ufundi, maana sijui hata kubadili plagi. Alinichukua kwa ajili ya lugha. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972, mimi nikazaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora. Nilisoma Tanzania tangu darasa la kwanza hadi chuo cha ualimu, nikarudi mwaka 2009. Kwa ndugu zetu waliobaki, sisi tuliorudi tumekuwa wasomaji wa karatasi za Kiswahili na Kiingereza. Ni heshima, na nakiri kwamba nimeipenda.

Tulilolichagua lilikuwa jipu la haibridi, yaani linaloendeshwa kwa injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Lilitengenezwa Japani mwaka 2011. Bei ilikuwa dola 11,500, bila kodi ya Tanzania kwa kuwa lilikuwa linapita tu kuja kwetu. Kijana wa yadi alikuwa na adabu. "Mzee," alimwambia shemeji, "hili lina waranti ya miezi mitatu, injini na gea boksi. Wasiwasi wa nini?" Akatoa karatasi ya Kiingereza, ukurasa mmoja wa herufi ndogo, chini yake mhuri.

Shemeji akanigeukia. "Mwalimu, unaionaje?"

Nikapitisha macho. Nikaona neno la dhamana, nikaona miezi mitatu, nikaona mhuri na sahihi. Nikasema: "Iko sawa."

Gari lilisafiri zaidi ya kilomita 1,200 bila tatizo. Tulilipa ushuru, tukabandika namba zetu, na harusi nne za kwanza zilikwenda vizuri. Wiki ya saba taa ya onyo iliwaka kwenye dashibodi, gari likakosa nguvu, kisha likagoma. Fundi alifungua, akapima, akasema ni betri kubwa ya haibridi, seli zake kadhaa zimekufa. Sisi hatukushtuka sana. Miezi mitatu ilikuwa haijaisha.

Tukapiga simu Dar es Salaam. Muuzaji hakutukimbia, na hilo ni haki nilitaje. Alipokea simu, akatuomba tuifungue ile karatasi tuisome pamoja naye. Kwanza, karatasi ilitaja injini na gea boksi. Betri si injini wala si gea boksi. Pili, matengenezo yote yafanyike kwenye gereji yao, Dar es Salaam, na gharama ya kulifikisha gari ni ya mnunuzi. Tatu, dhamana ilihusu magari yaliyosajiliwa Tanzania. Mwisho akatuuliza: "Mnatumia mafuta ya wapi?" Mwaka huo tulikuwa na uhaba wa mafuta, na watu wengi walinunua ya vidumu yaliyovuka mpaka usiku. Akasema mafuta ya namna hiyo peke yake yanatosha kufuta dhamana, hata kama betri ingekuwa imo.

Kila alichokisema kilikuwa kimeandikwa. Kilikuwa kimeandikwa siku ile niliposema iko sawa.

Maneno manne yanayochanganywa

Nilipotulia niliona kwamba kosa letu lilianzia kwenye lugha. Mitaani tunatumia neno moja, waranti au garanti, kwa mambo manne tofauti.

La kwanza ni dhamana ya kiwanda. Hii ni ahadi ya mtengenezaji kwamba kitu kikiharibika kwa sababu ya ubovu wa utengenezaji, ndani ya muda fulani au kilomita fulani, atakitengeneza bure. La pili ni dhamana ya muuzaji, ambayo ndiyo tuliyopewa sisi. Hiyo ni ahadi ya yadi tu, na ina ukubwa ule ule wa karatasi yake. La tatu ni dhamana ya kununuliwa. Huko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, kampuni huuza mkataba wa kulipia matengenezo ya gari lililotumika kwa mwaka mmoja au miwili, na mkataba huo kwa kawaida hutaja nchi na gereji zinazokubaliwa. La nne ni haki ambayo sheria yenyewe humpa mnunuzi, hata kama hakuna karatasi yoyote.

Wengi huongeza hapo bima, jambo ambalo si sahihi. Bima hulipa ajali, moto au wizi. Betri ikifa kwa uzee, bima haihusiki. Dhamana nayo hailipi kile kinacholika kwa matumizi ya kawaida, kama pedi za breki, klachi, matairi na vichujio. Ndiyo maana ugomvi mwingi wa dhamana huwa juu ya swali moja: kifaa hiki kilikuwa kibovu, au kimechoka tu? Kwa gari la miaka 11, muuzaji ana jibu tayari.

Ahadi ya kiwanda hufika ikiwa imekwisha

Tuchukue mfano wa Japani, ambako magari mengi ya kwetu hutoka. Toyota huko hutoa dhamana ya jumla ya miaka 3 au kilomita 60,000, na dhamana maalumu ya miaka 5 au kilomita 100,000 kwa sehemu kubwa kama injini. Lexus hutoa miaka 5 au kilomita 100,000. Kinachotangulia kufika ndicho kinachofunga dhamana. Muda nao huanza kuhesabiwa siku gari liliposajiliwa mara ya kwanza, si siku wewe ulipolinunua. Zaidi ya hayo, hiyo ni ahadi ya soko la Japani.

Sasa tuangalie umri wa magari yanayofika kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, tangu mwaka 2018, imezuia magari ya miaka 15 na zaidi. Tanzania haijaweka katazo la namna hiyo, ila huongeza kodi kwa magari yaliyozeeka. Hii ina maana kwamba gari ambalo kwetu linaitwa bado bichi, la miaka saba au nane, limekwishavuka kila tarehe iliyowekwa na kiwanda. Mtu anayekuambia kwamba gari la mwaka 2014 lina garanti ya kiwanda, ama hajui kuhesabu, ama anajua kwamba wewe hutahesabu.

Kwa gari la kawaida hilo si msiba. Probox ikiharibika, spea ziko kila mji na kila fundi anaijua. Gari la kifahari ni habari nyingine, na sababu yake ni ya kiuchumi. Bei ya gari hushuka kadiri linavyozeeka, lakini bei ya spea zake haishuki. Gari lililouzwa likiwa jipya kwa bei ya nyumba linaweza kupatikana baada ya miaka kumi kwa bei ya pikipiki kadhaa, lakini shokapu zake za hewa, kompyuta zake ndogo, gea boksi yake ya kasi nane na betri yake ya haibridi bado zina bei ya gari la matajiri. Mnunuzi wa pili au wa tatu hulipia gari kama mtu wa kipato cha kati, kisha hulitengeneza kama waziri. Kwa hiyo gari linalohitaji dhamana zaidi ndilo linalofika bila dhamana.

Njia ya Dubai

Wapo watakaosema: basi twende Dubai. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa wanaopeleka magari Rwanda, ambayo mwaka 2005 ilizuia kuingiza magari yenye usukani wa kulia. Dar es Salaam magari mengi yana usukani wa kulia. Dubai na Sharjah ni wa kushoto. Hata sisi Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, ingawa tumezoea kuchanganya.

Lakini huko nako kuna mawili ya kujua. La kwanza, magari mengi yanayouzwa katika yadi za Ghuba yametoka Marekani, ambako yalinunuliwa minadani baada ya kampuni za bima kuyaandika kuwa yameharibika. Hati zake za Marekani hubeba alama ya kuonyesha hivyo. Gari lenye hati ya aina hiyo kwa kawaida hupoteza dhamana ya kiwanda hata kama ni la mwaka jana. Likinyooshwa na kupakwa rangi vizuri huvutia macho, lakini ile ahadi imekwishakufa.

La pili ni maji. Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949, na magari mengi yalizama barabarani na kwenye maegesho ya chini ya majengo. Gari lililozama haliwi bovu siku hiyo. Nyaya na kompyuta zake huoza polepole, baada ya miezi, likiwa tayari Bujumbura au Bukavu. Ukinunua huko, inua zulia la sakafuni na uangalie chini ya kiti cha dereva kama kuna tope kavu au kutu kwenye boliti, na uvute mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama una alama ya maji.

Sheria mbili, hakuna hata moja inayofika

Baada ya kushindwa kwa muuzaji, nilikwenda kwa mwanasheria mmoja ninayemfahamu. Nilitaka kujua kama tunaweza kushitaki. Nilichojifunza kwake kinawahusu wote wanaovuka mipaka yetu.

Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi sheria ya mauzo kutoka Uingereza. Msingi wake wa zamani ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania humtaka mfanyabiashara wa bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaokubalika, lakini kama mnunuzi amekikagua kitu hicho, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wa namna hiyo ungepaswa kuionyesha. Baadaye ziliongezwa sheria za kumlinda mlaji, kama Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 na Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya Kenya ya 2012. Hata hivyo, mlalamikaji lazima awepo huko, na ushahidi wake, yaani gari lenyewe, uwepo huko.

Sisi Burundi na ndugu zetu wa Congo tulipitia mlango mwingine. Misingi yetu ya mikataba ilitoka kwa Wabelgiji, katika amri ya 30 Julai 1888 iliyoandikiwa Congo ya Mfalme Leopold na baadaye ikaletwa huku. Humo mna dhamana ya kasoro zilizofichika. Muuzaji anawajibika kwa ubovu usioonekana ambao, kama mnunuzi angeujua, asingenunua au angetoa bei ndogo. Na kama muuzaji aliujua ubovu huo akanyamaza, anadaiwa fidia pia. Sharti kubwa ni kulalamika mapema. Hii ni haki nzuri, na wafanyabiashara wachache sana wanaijua.

Tatizo ni kwamba haki hiyo inamhusu muuzaji, na muuzaji wetu alikuwa Dar es Salaam. Mkataba ulisainiwa kule, fedha zililipwa kule, na karatasi ilisema ugomvi wote utaamuliwa kule. Mwanasheria akaniuliza: "Mwalimu, uko tayari kulala gesti Dar es Salaam mara ngapi kwa ajili ya betri?" Nilipiga hesabu ya nauli, wakili na siku za kazi, nikaona kesi ingekuwa ghali kuliko betri yenyewe.

Hapo ndipo nilipoielewa dhamana. Ni ahadi yenye anwani. Nguvu yake inafika pale tu ambapo unaweza kwenda kugonga mlango wa aliyeiahidi.

Kadi ya njano imeweza

Itasemwa kwamba hivyo ndivyo mipaka ilivyo, tukubali. Mimi sikubali, na mfano ninao. Kila dereva wa lori anaijua kadi ya njano ya COMESA. Mpango huo ulianza miaka ya 1980. Gari lenye kadi hiyo likisababisha ajali katika nchi nyingine ya mpango, ofisi ya nchi ile hushughulikia madai, kisha hudai kwa kampuni ya bima iliyotoa kadi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kadi ya njano bado inaitambua. Kwa hiyo ahadi ya fedha inaweza kuvuka mpaka, mradi kuna mtu upande wa pili aliyekubali kuibeba.

Jumuiya ya Afrika Mashariki tumo tangu 2007, na Congo iliingia 2022. Tuna ushuru wa pamoja wa forodha. Tuna utaratibu rahisi wa mpakani kwa mizigo midogo ya wafanyabiashara, yenye thamani isiyozidi dola 2,000, mradi imetoka ndani ya Jumuiya. Tuna hata Sheria ya Ushindani ya Jumuiya ya 2006, ambayo inagusa maslahi ya mlaji. Lakini mtu anayenunua kitu kikubwa kuliko vyote katika maisha yake, baada ya nyumba, anavuka na karatasi inayokufa kwenye kizuizi.

Sidai miujiza. Ingetosha kuanza na kanuni moja: yadi inayouza gari la kupita kwenda nchi nyingine ya Jumuiya, ikitoa dhamana, iandike kama dhamana hiyo inafanya kazi nchi hiyo au haifanyi, kwa herufi kubwa na kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma. Kama haifanyi, isiitwe dhamana. Marekani wana jambo linalofanana na hilo kwa magari yaliyotumika. Sheria huitaka yadi ibandike kwenye kioo cha gari karatasi inayosema kama linauzwa na dhamana au linauzwa kama lilivyo. Mnunuzi bado anaweza kupata hasara, lakini hawezi kusema hakuambiwa.

Cha kufanya leo

Wakati tunasubiri wakubwa, mfanyabiashara ana biashara kesho. Haya ndiyo ninayowaambia wanaonijia.

Uliza maswali manne, na majibu yaandikwe. Nani atalipa? Kazi itafanyika wapi? Ni sehemu zipi, kwa majina, na je, ni spea tu au na ufundi pia? Mwisho wake ni tarehe gani au kilomita ngapi? Kama gari ni la haibridi, neno betri lazima liandikwe. Kama lina shokapu za hewa, ziandikwe. Kisichoandikwa hakimo.

Jina la gereji ya upande wako liwemo kwenye karatasi. Muuzaji akikubali kwamba gereji fulani ya Bujumbura, Goma au Kigali italipima gari na yeye ataheshimu matokeo mpaka kiasi fulani cha fedha, hiyo ni dhamana ya kweli, hata kama ni ya mwezi mmoja. Akikataa, huna dhamana, na bei ishuke.

Bakisha fedha. Wafanyabiashara wetu wanaijua mali kauli. Itumieni na hapa: sehemu ndogo ya bei ibaki kwa mtu ambaye wote wawili mnamwamini, kwa maandishi, mpaka gari limalize wiki kadhaa nyumbani. Fedha iliyo mkononi mwako ni dhamana kuliko mhuri wowote.

Pima kabla ya kulipa, na fundi awe wako, si wa yadi. Alete mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Dai karatasi ya mnada wa Japani na ulinganishe namba ya chasisi na kilomita. Alama ya R au RA kwa kawaida humaanisha gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kwa kuwa nakala hughushiwa, tafuta nakala yako mwenyewe kwa kutumia namba ya chasisi. Kwa haibridi, angalia tundu la hewa la kupozea betri, ambalo mara nyingi liko karibu na kiti cha nyuma. Likiziba vumbi, betri hupata joto na kufa mapema. Letu lilikuwa limeziba. Kitambaa na dakika kumi zingetosha kulisafisha.

Tunza risiti za mafuta na za oili. Ukiwa na dhamana inayofanya kazi, usimpe muuzaji sababu ya kuikana. Kidumu cha bei nafuu kinaweza kukugharimu injini nzima.

Mwisho, kama majibu ya maswali yale manne hayakuridhishi, jihesabie mwenyewe. Toa sehemu ya kumi ya bei, uiweke pembeni, uiite dhamana yako. Kama huwezi kuitoa, gari hilo ni kubwa kuliko mfuko wako. Nunua dogo.

Gari letu lilikaa miezi mitatu chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya shemeji, kiangazi chote, wakati wa harusi. Mwishowe alinunua betri iliyotumika, na kwa gharama ya betri, usafiri na fundi zilikwenda dola 1,900. Mwaka 2023 aliliuza kwa hasara. Binti yangu alichelewa chuo mwaka mmoja. Sasa anasoma, na sisi tunaendelea kulipana polepole.

Ninachojutia zaidi si fedha. Nilikulia mahali ambapo mkimbizi alihitaji kibali ili atoke nje ya makazi, na kibali hicho kilitaja wapi aende na arudi lini. Baba yangu hakuwahi kukikunja kabla ya kukisoma mara mbili, maana alijua kwamba hatua moja nje ya kilichoandikwa ingemfikisha polisi. Nilifundishwa mapema kwamba kila karatasi ina mpaka wake. Siku ile kwenye yadi nilisahau, kwa sababu nilikuwa nimekuja na heshima ya msomi na gari lilikuwa linang'aa.

Shemeji hajawahi kunilaumu. Bado huniletea karatasi zake zote, za mkopo, za kiwanja, za forodha. Hunikabidhi, hukaa, kisha husema: "Mwalimu, hii isome taratibu."

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili na Kiingereza katika shule ya sekondari, Makamba.